Dirisha Lisilovutika

Jumatano, 4 Septemba 1996

Nimetoka darasani saa nane. Wasichana kumi na wanane, mashine sita za kupiga chapa, kelele kama mvua juu ya mabati. Mvua yenyewe hatujaiona. Nikafunga kile chumba cha kompyuta mbili za chuo, nikatia disketi mfukoni, nikatoka mjini Wote kupanda Mbooni. Kila Jumatano ni hivyo. Hospitali ina kompyuta moja, iliyotoka kwa wafadhili, na programu moja, iliyotoka kwangu.

Leo nimekuta vituko. Dirisha la programu limevutwa chini mpaka sehemu yake imezama nje ya kioo. Juu kumebaki bluu tupu, vidole vinne. Na Jumatatu, ati, lilitoweka kabisa. Najua lilivyotoweka. Syombua, karani wa mapokezi, amebonyeza kile kialama cha kutoa, kistari kilicho kwenye kona, dirisha likajikunja likaenda chini, yeye akadhani wagonjwa wote wamefutika. Akaomba Mungu. Kisha akang'oa waya ukutani. Sasa wagonjwa wa asubuhi nzima wamefutika kweli.

Nimecheka. Mbele yake, na manesi wawili wamesimama pale. Nikamwambia, mama, hii si meza ya jikoni, haisogezwisogezwi. Ni mama mtu mzima, kifungua mimba wake ni rika langu. Ananiita Mwalimu hata hivyo.

Nimeingiza majina upya mpaka vidole vikauma.

Ijumaa, 6 Septemba

Hasira bado. Siku mbili namwaza Syombua na mikono yake.

Nisijidanganye, programu hii sikuiandikia hospitali. Niliiandikia Nduku, dada yangu anayenifuata. Akiwa na miaka kumi na minne alichomwa sindano ya penisilini, uso ukavimba, pumzi ikakata. Tulimwona amekwenda. Akarudi. Hospitali kubwa ikaandika barua: huyu asichomwe penisilini maisha yake yote, ya pili itamuua. Hapa Mbooni wakaandika kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu. Panya wakala kadi. Hapo ndipo nilipowaambia nitawaandikia kitu kisicholiwa na panya.

Kazi yake ni rahisi. Syombua anaandika jina, faili linafunguka. Mgonjwa akiwa na dawa asiyopatana nayo, kisanduku kinaruka katikati ya kioo: ASICHOMWE. Syombua anaandika neno hilo kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya mgonjwa. Karatasi inakwenda kwa daktari, kisha chumba cha sindano. Basi.

Lakini dirisha lenyewe likitoroka, kisanduku kitarukia wapi?

Nitalifunga lisitoroke.

Jumamosi, 7 Septemba

Chuo kitupu leo. Nimefanya kazi toka asubuhi bila chai.

Nimeng'oa vialama vyote vitatu vya kona: cha kukunja, cha kupanua, cha kufunga. Nimeondoa fremu. Dirisha sasa ni saizi ya kioo kamili, kona kwa kona, na halivutiki hata umkabidhi nani kipanya. Juu kabisa nimeweka jina la hospitali kwa herufi kubwa. Jina na namba ya mgonjwa nimeshusha chini yake. Batani mbili tu: Hifadhi, na Maliza Kazi.

Safi. Nimelitazama kwa muda. Sijui kama kuna mtu mwingine wilaya hii nzima anayeweza kufanya hivi. Siandiki kwa majivuno. Sawa, kidogo.

Jumapili, 8 Septemba

Nyumbani. Mwaitu, mama yetu, amepika muthokoi, mahindi yamekuwa ya kuhesabu lakini amepika. Nduku amekuja kutoka kwa bwanake, ng'ambo ya bonde, na kasichana kake mgongoni. Ana kelele yule, na kwake mimi si Mwalimu, ni kaka tu. Amenitania mbele ya watu kwamba nitaoa kompyuta na mahari nitalipa kwa disketi. Mbithi, bwanake, alicheka mpaka akapaliwa.

Barua yake imeisha. Anaibeba kwenye karatasi ya nailoni ndani ya nguo tangu utotoni, mahali anapokwenda inakwenda, jasho limeila. Mikunjo imekatika vipande vinne. Neno penisilini halisomeki tena. Akaniuliza aende hospitali kubwa waandike nyingine? Ni safari ya siku nzima na mtoto.

Nikamwambia aitupe. Jina lake limo kwenye mashine. Mashine itasema.

Alifurahi. Akaitia motoni pale pale, chini ya sufuria. Mwaitu hakupenda, nilimwona usoni. Mwaitu hapendi kitu kisicho na karatasi.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeweka dirisha jipya. Syombua alinyoosha mkono akashika kipanya, akajaribu kulivuta chini. Halikwenda. Akajaribu tena. Akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi halivutiki?" Nikamwambia halina haja ya kuvutwa, kila kitu kiko mahali pake. Akasema haya.

Wiki hii haitapotea kitu. Nimelala nikiwa na amani jana, leo nitalala zaidi.

Jumatano, 18 Septemba

Haijapotea kitu. Lakini sasa ni kisanduku.

Kosa langu, na nalikubali hapa ambapo hakuna anayesoma. Kile kisanduku nilikitumia kwa kila jambo. Umri haujajazwa, kinaruka. Kijiji hakijaandikwa, kinaruka. Nusu ya wazee wetu hawajui walizaliwa lini, kwa hivyo kinaruka siku nzima. Nimesimama nyuma ya Syombua nikamtazama. Foleni imefika kwenye mti wa nje. Kisanduku kinaruka, kidole kinagonga Nimeona. Kinaruka, kidole kinagonga. Hasomi. Anapukuchua mahindi tu. Kimoja kilikuwa cha ASICHOMWE, cha mzee asiyepatana na dawa za salfa, kikagongwa nacho kikapita. Nilimkimbilia mzee nje na karatasi yake.

Metroni, mkuu wa manesi, akaniita pembeni. Mama mkali lakini wa haki. Akasema, Mwalimu, hicho kisanduku chako kinatuchelewesha, kina mama wanazimia jua kali kwenye foleni, kitoe au tunarudi kwa kadi.

Kurudi kwa kadi! Panya wanangoja.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimefikiria darasani, wasichana wanapiga asdf, mimi nimo kichwani mwangu. Onyo lisilozuia. Lisilongoja kubonyezwa. Lionekane tu, kama taa ya gari.

Juu! Pale kwenye jina la hospitali. Ule ukanda wa juu kazi yake ni urembo. Mgonjwa wa kawaida, ukanda unabaki bluu. Mgonjwa wa ASICHOMWE, ukanda wote unakuwa mwekundu, maandishi meupe, kutoka kona hadi kona. Kila mtu anaanza kusoma juu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 25 Septemba

Tayari. Nimelijaribu kwa faili la Nduku mwenyewe. Ukanda ukawaka mwekundu, NDUKU ASICHOMWE PENISILINI, mpaka nesi aliyekuwa mlangoni akasema aii. Metroni amepiga makofi mara mbili. Nimemwonyesha Syombua. Nimemwambia haitakusumbua tena, hakuna cha kubonyeza, wewe tazama tu. Akasema asante, Mwalimu, Mungu akubariki, hicho kisanduku kilinitesa.

Nimeteremka kwa miguu mpaka njia panda. Sikuhisi mwendo.

Jumanne, 1 Oktoba

Kesho kuna mtihani chuoni, kwa hivyo nimekwenda hospitali leo bila kuwaambia, kunakili faili tu. Nusu saa.

Syombua ameipamba kompyuta. Kitambaa cha kufuma kwa sindano, cheupe, maua ya waridi pembeni, na juu yake chupa ya maua ya plastiki. Kama redio ya sebuleni. Pindo linaning'inia mbele ya kioo. Amekifuma mwenyewe, vumbi la barabara lisiingie. Alisimama pale akingoja niseme kitu. Nikasema kizuri sana, mama. Nikaondoa maua, nikakipandisha kitambaa juu nikanakili. Nilipomaliza nikakirudisha vilevile, na maua yake. Mama wa watu amejitahidi.

Uji wao una maziwa siku hizi.

Jumapili, 6 Oktoba

Jua. Mawingu ya uongo saa nne, saa sita hayapo. Kila mtu anachimba matuta hata hivyo, maana ukingoja mvua ije ndiyo uchimbe umechelewa. Mimi pia nimeshika jembe, viganja vimetoka malengelenge, Nduku amenicheka, mikono ya chaki.

Nduku mwenyewe amejikata mguu Alhamisi, juu ya kidole gumba. Ameufunga kwa kitambaa akaendelea kulima. Leo umevimba, umekuwa wa moto. Nikamgombeza. Nikamwambia kesho aende hospitali. Akasema Jumatatu ni siku ya kliniki ya watoto, foleni ya kufa mtu, atakwenda Jumanne.

Mwaitu akasema awakumbushe habari ya sindano. Nikamjibu mimi, kabla Nduku hajafungua mdomo. Nikasema Mwaitu, mashine inajua, mbona unapenda kujisumbua.

Jumanne, 8 Oktoba

Nduku.

Wamempeleka hospitali kubwa, Machakos. Yuko hai. Sijui ni hai namna gani.

Jumatano, 9 Oktoba

Wadi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mpira wa hewa puani. Macho nusu wazi na hayatazami. Nimeita. Nimeita tena kwa jina la utotoni. Hakuna.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, kama Mbithi alivyonieleza, maana nikiacha nitaanza kuibadilisha kichwani.

Walifika saa tatu. Syombua akamwandika, wakasalimiana vizuri, anamjua ni dada yangu. Karatasi ikatoka. Hakuna wino mwekundu. Daktari akautazama mguu, akaandika penisilini. Chumba cha sindano, nesi akaitazama karatasi, hakuna wino mwekundu. Mbithi alikuwa mlangoni amebeba mtoto. Anasema Nduku alikuwa anaongea, kama kawaida yake. Alimwambia nesi, hiyo kompyuta yenu iliandikwa na kaka yangu. Kwa majivuno. Nesi akacheka naye. Akamchoma.

Alitembea mpaka benchi ya nje. Akasema anawashwa shingo. Akasema Mbithi, shika mtoto vizuri. Akaanguka.

Ile dawa ya kumrudisha ilikuwa imefungiwa kabatini na ufunguo uko na mtu aliyekwenda kunywa chai. Alikaa bila pumzi. Muda gani, kila mtu anasema lake.

Mwaitu ameketi sakafuni kando ya kitanda. Hanitazami. Au anatazama Nduku tu na mimi ndiye ninayejishuku.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwenda hospitalini Mbooni. Nilikuwa nimejaa sumu. Nilitaka kumshika Syombua nimtikise. Njia nzima nilitunga maneno, mengine siwezi kuyaandika.

Hakuwepo pale mezani, wamemsimamisha kazi tangu Jumanne jioni. Lakini alikuja aliposikia niko. Alikuwa amevaa nguo za kanisani. Kompyuta ilikuwa kama alivyoiacha, kitambaa, maua. Nikaiwasha. Nikaandika jina la Nduku.

Faili likafunguka. Jina, namba, kijiji, umri. Juu ya hapo, maua ya waridi ya uzi mweupe. Sikuona wekundu wowote. Kwenye vitundu vya pindo kulikuwa na kitu chenye rangi, ukijua unachotafuta.

Nilikipandisha kwa kidole. Ukanda ulikuwa unawaka, kona hadi kona.

Hicho kitambaa nimekigusa kwa mkono huu. Nilikipandisha, nikakirudisha. Nimefungua nyuma nikasoma nilivyoandika siku ile. Nimeandika mpaka habari ya uji.

Halafu Syombua akasema, polepole, si kwa kujitetea. Kitambaa kiko pale tangu mwezi wa nane. Kila Jumatano hukitoa asubuhi kwa sababu Mwalimu anakuja kufanya kazi, si heshima kumwachia vitu vya watu mbele. Na zamani kilipofunika maneno ya juu, alikuwa akishika dirisha akalivuta chini, vidole vinne, anasoma, kisha analirudisha juu ahifadhi. Siku ile ya Jumatatu alishika vibaya akagonga kile kialama.

"Wewe ukasema halina haja ya kuvutwa," akasema. "Nikaona kweli, majina umeyashusha. Huko juu kumebaki jina la hospitali, na hilo nalijua."

Na wekundu niliomwonyesha? Alidhani utamrukia wenyewe, kama kile kisanduku kilivyokuwa kikimrukia. Nilimwambia haitamsumbua. Haikumsumbua.

Vidole vinne. Aliniachia dirisha limevutwa vidole vinne na mimi nikacheka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Machakos. Hakuna mabadiliko. Nimemsugua miguu. Kidonda chenyewe kinapona vizuri, kinaanza kukauka. Ni kitu cha kukasirisha sana kukiona.

Jumatatu, 14 Oktoba

Metroni ameniita. Kamati inakaa Jumatano. Wanataka barua moja tu kutoka kwangu: je, programu ilionyesha onyo au haikuonyesha? Ikiwa ilionyesha, ni uzembe wa karani, na kesi imeisha. Alisema kwa upole, dada yako ni dada yetu, tunataka haki yake. Akanishika bega.

Ilionyesha. Ni kweli mbele ya Mungu na watu. Naweza kuandika mstari mmoja wa kweli nikaenda zangu, na kila mtu, pamoja na Mwaitu, pamoja na Mbithi, atasema pole Mwalimu, ulifanya kazi yako, ni yule mama na mapambo yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeuandika ule mstari. Nimeukunja. Uko mezani.

Sijala.

Wasichana wameniuliza mbona siwasahihishi makosa. Nimewaambia wapige tu.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimechana. Nimeandika kurasa mbili kwa mkono. Kwamba dirisha lilikuwa likivutika na karani alijua kulitumia kuliko nilivyojua mimi. Kwamba nililifunga bila kumuuliza kwa nini analivuta. Kwamba kisanduku nilikichosha mwenyewe kwa upuuzi wa umri na kijiji mpaka kikakosa maana. Kwamba onyo nililiweka mahali pazuri kwa jicho langu. Kwamba tarehe moja nilikiona kitambaa kimefunika mahali hapohapo, nikakiinua nikakirudisha, kwa adabu.

Nimesoma mbele ya kamati, watu watano na chai. Mchungaji akafunga kwa sala. Wamenisifu kwa ukweli. Wamenipa mkono wote watano.

Kisha wamemwondoa Syombua mapokezi wakampeleka kufua mashuka. Wanarudi kwa kadi.

Nilisimama nje kama mjinga. Nilidhani ukweli ukisemwa kuna mtu unamwokoa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemkuta Syombua penye kamba za nguo. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza kumweleza tena habari ya kamati. Akanikatiza. Akauliza Nduku ameamka? Nikasema bado. Akasema basi hayo mengine si neno, Mwalimu. Akaendelea kukamua.

Jumamosi, 26 Oktoba

Anatazama. Macho yanafuata mtu. Mwaitu alipiga kelele ya furaha wadi nzima ikageuka. Mbithi ametoka nje kulia.

Daktari wa pale hakufurahi hivyo. Amesema tungoje tuone ni kiasi gani kimebaki. Alisema hivyo, kiasi gani, kama maji kwenye mtungi.

Jumatatu, 4 Novemba

Wamemruhusu. Yuko kwa Mwaitu, maana kwa Mbithi hakuna wa kumwinua mchana. Anatembea akishikwa. Anameza. Mkono wa kulia hautaki. Anasema neno moja moja, kama anaokota kunde.

Amesema maji. Amesema jina la mtoto. Mtoto amemkimbia.

Sijaenda. Mbithi ndiye amenitumia habari. Nimejiambia ni mitihani ya chuo. Hakuna mitihani.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekwenda. Nduku alikuwa amelala ndani. Mwaitu alikuwa uani anachambua mbegu, mvua imenyesha mara mbili za kudanganya na watu wamepanda. Nimeketi kwenye jiwe nikamwambia yote. Sikuchagua. Barua niliyomwambia aichome, dirisha, ukanda, kitambaa. Nilipofika kwenye siku ile niliyomkatiza yeye Mwaitu, kwamba mashine inajua, nikalisema nalo.

Habari za kompyuta hazijui, na hakuuliza hata moja. Alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, yule mama alipokuwa analivuta lile dirisha, ulimcheka?

Nikasema ndiyo.

Akasema, mbele ya watu?

Ndiyo.

Akainuka na ungo wake akaingia ndani. Kwaheri yangu aliiitikia kwa kichwa. Afadhali angenipiga.

Jumatano, 13 Novemba

Jumatano, na sina pa kwenda. Saa nane ilipofika mwili wenyewe ulisimama.

Nimefungua ile programu kwenye kompyuta ya chuo. Nimerudisha fremu, nimerudisha vialama vya kona. Nimelishika nikalivuta chini vidole vinne. Linavutika vizuri. Ni kazi ya dakika tano. Ilikuwa siku zote kazi ya dakika tano.

Nimeizima.

Jumapili, 24 Novemba

Nimefika nyumbani saa tano. Nduku alikuwa nje ameketi kwenye kiti cha Mwaitu, khanga magotini, jua limempata nusu. Amekonda lakini amesukwa nywele. Jirani wawili walikuwa wamekuja kumwona. Maneno yameongezeka, kila mtu anasema. Mwaitu akawaonyesha. Akamwonyesha Mbithi, huyu ni nani? Mbithi. Na huyu? Akataja mtoto. Akataja jirani, wote wawili, na mmoja akamtaja na jina la bwanake. Akamtaja ng'ombe. Watu wakacheka, naye akacheka, upande mmoja wa mdomo.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nikasogea mbele ili anione. Mwaitu hakuuliza. Aliniacha nisimame.

Nduku alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta, niliona anatafuta. Kisha akapata, uso ukafunguka, akanyoosha ule mkono mzima kama mtu anavyompa mgeni wa heshima.

"Karibu, Mwalimu," akasema.

Nikampa mkono. Nikamwambia asante. Jirani akanisogezea kiti, nikaketi.